Asukumaye Naye Husukumwa



Sisi tufundishao katika shule za Nachingwea na Ruangwa twajua kuwa yako maswali ambayo mtoto huyauliza mara moja akaridhika, na yako mengine ambayo hurudi kila mwaka, darasa kwa darasa, kama mvua ya mwezi wa Desemba. Moja la hayo yarudiyo ni hili: "Mwalimu, mwasema kwamba mtu avutapo mkokoteni, mkokoteni nao humvuta mtu huyo kwa nguvu ile ile. Ikiwa ni hivyo, mkokoteni waendaje?"

Swali hili si la mzaha. Mtoto aliulizaye amefikiri, na mtu amjibuye kwa kusema "ndivyo kitabu kisemavyo" amemfumba kinywa bila kumfumbua macho. Tena jambo lenyewe si la watoto peke yao. Wazazi wao hulima, hutwanga, huteka maji, huvusha mizigo, na siku hizi hupanda pikipiki. Na katika kazi hizo zote kanuni hii yatenda kazi, wakiijua wasiijue. Wako waliovunjika mifupa kwa sababu walidhani kwamba nguvu ni ya mmoja tu. Kwa hiyo twaona yafaa tuieleze hapa kwa vyombo vya nyumbani kwetu, ili mzazi aulizwapo na mwanawe apate neno la kumjibu.

Kanuni yenyewe ni fupi. Mwaka 1687 Mwingereza mmoja aitwaye Isaac Newton alitoa kitabu kwa lugha ya Kilatini, na ndani yake aliweka kanuni tatu za mwendo wa vitu. Ya tatu ndiyo hii yetu. Maana yake ni kwamba kitu kisukumapo au kivutapo kitu kingine, hicho cha pili nacho hukisukuma au kukivuta cha kwanza, kwa nguvu iliyo sawa kabisa, ila kwa kuelekea upande wa pili. Nguvu moja huitwa tendo, na ya pili huitwa jibu.

Lakini majina haya yasitudanganye. Katika mazungumzo ya watu, tendo hutangulia na jibu hufuata: mmoja aita, mwenziwe aitika. Katika kanuni hii hakuna wa kutangulia wala wa kufuata. Nguvu zote mbili huanza pamoja na kwisha pamoja, kama mtu na kivuli chake. Basi msomaji na ashike mambo matatu. La kwanza, nguvu hizo ni sawa kwa ukubwa. La pili, zatenda kwa wakati mmoja. La tatu, na hili ndilo lisahauliwalo na wengi, kila moja yatenda juu ya kitu chake: moja juu yako wewe, na moja juu ya kile ukigusacho. Mwenye kushika hilo la tatu ameshika ufunguo wa mlango.

Tuanze na kinu. Mama atwangapo mahindi, mchi hushuka na kuzipiga punje, na punje zikavunjika. Lakini mchi nao husimama ghafula. Ni nani aliyeusimamisha? Si mikono ya mama, maana mikono ilikuwa ikiusukuma chini. Ni punje na kinu vilivyousukuma juu, kwa nguvu ile ile ambayo mchi ulivisukuma chini. Ndiyo sababu mtwangaji mzoefu huulegeza mkono kidogo wakati mchi ugusapo punje. Anayeukaza mno hupata mshtuko wote katika kiganja na bega, na kabla ya unga kupatikana viganja vimetoka malengelenge.

Jembe nalo ni hivyo hivyo. Wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa imekauka, mtu apigapo jembe huona mpini ukimtetemesha hadi viwiko. Twasema "ardhi ni ngumu", na ni kweli. Lakini maana ya ugumu wake ni kwamba inalisimamisha jembe upesi, na ili kulisimamisha upesi yahitaji nguvu kubwa, na jembe nalo laipiga ardhi kwa nguvu hiyo hiyo. Ardhi iliyonyeshewa hulisimamisha jembe polepole, kwa hiyo nguvu ya pande zote mbili huwa ndogo, na mkulima hachoki upesi.

Sasa natutazame kutembea, jambo ambalo hakuna anayelifikiri. Ukimwuliza mtu, "Nini kikupelekacho mbele uendapo?" atakujibu, "Miguu yangu." Walakini miguu peke yake haiwezi. Mguu huisukuma ardhi kwa nyuma, na ardhi ndiyo imsukumayo mtu mbele. Mtu asiyesadiki na aende wakati wa masika penye udongo mweusi wa mbuga, ulioloa na kuteleza. Miguu yake ni ile ile, na nguvu zake ni zile zile, lakini haendi, kwa sababu udongo uliolowa hauwezi kushikwa na kusukumwa nyuma. Na usiposukumwa, haukusukumi.

Gari likwamapo njiani kati ya Nachingwea na Ruangwa na magunia yake ya korosho, gurudumu huzunguka mahali pamoja na kuwarushia matope wasukumao. Injini haina kosa, na wala dereva hana haja ya kuiongezea moto, kwa maana kuongeza moto ni kuchimba shimo tu. Kinachokosekana ni kitu cha kusukumwa nyuma. Ndipo watu hukata matawi, huokota mawe, na kuyatia chini ya magurudumu; gurudumu likapata cha kushika, likakisukuma nyuma, nacho kikalisukuma gari mbele. Wazee wanaoikumbuka reli ya kutoka Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa baada ya vita vya pili vya dunia, walisikia mlio wa garimoshi. Magarimoshi mahali pengi huchukua mchanga ndani ya sanduku, na reli ikiteleza mchanga hunyunyizwa mbele ya magurudumu. Sababu ni ile ile ya matawi na mawe.

Tukifika hapo tunaweza kulijibu swali la mkokoteni. Mtoto asema: mtu auvuta mkokoteni mbele, mkokoteni wamvuta mtu nyuma, nguvu ni sawa, basi zafutana. Twamjibu kwa mfano wa deni. Baba yako akidaiwa shilingi 1,000 dukani, na jirani akilipwa shilingi 1,000 kwa korosho zake, je, deni la baba yako limefutika? La hasha. Hesabu ya nyumba moja haifuti hesabu ya nyumba ya pili, ijapokuwa fedha ni sawa. Nguvu nazo ni hivyo. Ile imvutayo mtu ni ya hesabu ya mtu. Ile iuvutayo mkokoteni ni ya hesabu ya mkokoteni. Ukitaka kujua kama mkokoteni utakwenda, hesabu nguvu zinazotenda juu ya mkokoteni tu. Ziko mbili za kutazama: mtu auvuta mbele, na msuguano wa njia na wa ekseli wauzuia. Ikiwa mvuto wa mtu umeshinda msuguano, mkokoteni waanza kwenda. Kisha hesabu za mtu mwenyewe: mkokoteni wamvuta nyuma, na ardhi yamsukuma mbele kupitia miguu yake. Ikiwa ardhi yamsukuma kupita mkokoteni umvutavyo, naye aenda. Kwa hiyo ushindi watoka ardhini. Mvuta mkokoteni aliyesimama juu ya matope hawezi kitu, hata awe na kifua cha nyati.

Liko kosa jingine ambalo twaliona mara nyingi katika madaftari. Mwanafunzi akiulizwa jibu la uzito wa debe la maji lililo kichwani mwa mtu, huandika: "Jibu lake ni kichwa kulisukuma debe juu." Laonekana kuwa sawa, lakini sivyo. Uzito wa debe ni dunia kulivuta debe. Basi jibu lake halina budi kuwa debe kuivuta dunia. Kichwa kulisukuma debe juu ni jibu la debe kukikandamiza kichwa. Hizo ni jozi mbili, si moja. Dalili yake ni hii: mchukuzi akijikwaa na debe likaponyoka, jozi ya kichwa na debe yavunjika papo hapo, lakini dunia na debe zaendelea kuvutana hata maji yamwagike.

Watu hushangaa wakiambiwa kwamba embe lidondokapo mtini, nalo laivuta dunia juu kwa nguvu ile ile ambayo dunia yalivuta embe chini. "Mbona hatuioni dunia ikipanda?" Sababu ni kwamba nguvu iliyo sawa haileti mwendo ulio sawa. Kitu kizito hukawia kutikisika. Dunia yote, ikipimwa kwa kilo, ni 6 ikifuatiwa na sifuri 24. Embe halifiki hata kilo moja. Basi embe laja mbio, na dunia yasogea kiasi ambacho hakuna chombo kiwezacho kukipima.

Neno hili la uzito ndilo lieleweshalo bunduki. Mwindaji apigapo, risasi yaenda mbele na bunduki yampiga teke begani. Baruti husukuma pande zote mbili kwa nguvu iliyo sawa na kwa muda ulio sawa. Tuseme risasi ina gramu 10 na yatoka kwa mwendo wa mita 400 kwa sekunde, na bunduki ina kilo 4. Kwa kuwa bunduki ni nzito mara 400 kuliko risasi, mwendo wake wa kurudi nyuma ni sehemu moja katika 400, yaani mita 1 kwa sekunde. Ndiyo maana mjuzi huukaza mtako wa bunduki begani, ili bunduki na mwili viwe kama kitu kimoja kizito, kirudi nyuma polepole. Anayeuachia nafasi huumizwa mfupa.

Wavukao maji pale Lindi kwenda Kitunda, mahali mto Lukuledi uingiapo baharini, waijua kanuni hii hata kama hawajaisoma. Mpiga kasia husukuma maji nyuma, na maji humsukuma mbele pamoja na chombo chake. Na abiria mwenye haraka, arukapo kutoka mtumbwini kabla haujafungwa, huusukuma mtumbwi nyuma kwa miguu yake. Alitaka mtumbwi umpe msukumo wote, lakini mtumbwi ni mwepesi, wateleza juu ya maji na kumkimbia. Naye aanguka kati ya mtumbwi na nchi kavu, pengine pamoja na mtoto aliyembeba. Dawa yake ni ndogo: fungeni kamba kwanza, kisha mshuke.

Wilaya hizi zetu ziliwahi kuona kanuni hii kwa ukubwa ambao haukuonekana tena. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga, uliokusudia zaidi ya eka milioni 3 katika Afrika ya Mashariki na ya Kati, na sehemu kubwa ikiwa Tanganyika. Mahali palipochaguliwa hapa nchini ni Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yaliletwa, na baadhi yake yalitengenezwa kutokana na vifaru vilivyobaki vitani. Njia moja iliyotumika kuangusha msitu ilikuwa kufunga mnyororo mzito kati ya matrekta mawili, nayo yakaenda sambamba, mnyororo ukiikokota miti. Watazamaji waliona mnyororo ukiivuta miti. Lakini miti nayo iliuvuta mnyororo, na mnyororo ukayavuta matrekta nyuma, kwa nguvu iyo hiyo. Mti wenye mizizi mifupi ulitii. Mti wenye mizizi iliyoshika sana uliyavuta matrekta hata nyayo zake za chuma zikateleza ardhini. Na majembe ya trekta huko Kongwa, yaliyokata udongo ule mkavu wenye chembe kali, udongo nao uliyakata na kuyala upesi. Hatusemi kwamba hiyo ndiyo sababu yote ya mpango kushindwa. Mvua haikutosha Kongwa, haraka ilikuwa kubwa, na nchi haikuchunguzwa vema kwanza. Mwezi wa Januari 1951 serikali ile ilitangaza kuuacha. Lakini mtu asomaye habari hizo na akumbuke kwamba hakuna mashine ikatayo bila kukatwa.

Sasa twaja kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Barabara zetu zina pikipiki nyingi za abiria, na vijana waziendeshao wengi wao walikuwa wanafunzi wetu. Pikipiki igonganapo na lori, watu husema, "Lori limeipiga pikipiki kwa nguvu nyingi, na pikipiki imelipiga lori kwa nguvu kidogo." Si hivyo. Nguvu zilikuwa sawa. Ila tuseme lori na mzigo wake ni kilo 10,000, na pikipiki pamoja na mpandaji ni kilo 200. Lori ni zito mara 50. Basi ikiwa mwendo wa lori umepunguzwa kilomita 1 tu kwa saa, mwendo wa pikipiki umebadilishwa kilomita 50 kwa saa, na hayo yote kwa kitambo kifupi kuliko kupepesa jicho. Dereva wa lori atikisika kidogo. Mwenzake mwili wake hauwezi kuyastahimili mabadiliko hayo. Kanuni huzigawa nguvu sawasawa, lakini maumivu haiyagawi sawasawa. Haimhurumii mdogo, wala haiulizi ni nani mwenye kosa.

Kwa hiyo kofia ngumu ya pikipiki si pambo, wala si kitu cha kuvaa kwa kumwogopa askari. Kichwa kianguapo barabarani, ardhi hukipiga kama kilivyoipiga. Kofia haiwezi kuondoa jibu la ardhi, ila ndani yake mna kitu laini kinachobonyea, nacho hukisimamisha kichwa polepole kidogo, na nguvu ya pande zote mbili ikapungua. Ni kama ile tofauti ya jembe katika ardhi kavu na jembe katika ardhi yenye mvua. Vivyo hivyo mtoto apandaye mwembe au mkorosho: aangukaye juu ya mchanga mara nyingi huinuka, aangukaye juu ya jiwe pengine hainuki, ijapokuwa urefu wa mti ni mmoja.

Neno la mwisho. Tumesikia watu wakiichukua kanuni hii na kuifanya sheria ya kisasi. Husema, "Hata wataalamu wamethibitisha: kila tendo lina jibu lake, amenipiga, nami sina budi kumpiga." Tumewasikia vijana wakisema hivyo baada ya ugomvi wa mpira, na watu wazima baada ya ugomvi wa mipaka ya mashamba. Ndugu zetu, hiyo si elimu. Kanuni yasema kwamba jibu hutokea wakati ule ule wa tendo. Mtu akupigapo ngumi usoni, uso wako umekwisha kuipiga ngumi yake, papo hapo, kwa nguvu sawasawa. Ndiyo maana vidole vyake navyo vyauma. Hesabu ya nguvu imekwisha kufungwa kabla hujainua mkono wako. Lolote ufanyalo baadaye, uwe umerudisha kwa ngumi, au umekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, au umesamehe, halitoki katika kanuni ya Newton. Limetoka kwako, nawe ndiwe utakayeulizwa.

Jiwe halina hiari: likisukumwa, husukuma. Mwanadamu mwili wake ni kama jiwe katika jambo hili, lakini moyo wake sio. Wazazi, watoto wenu wakija nyumbani na swali la mkokoteni, msiwafukuze. Watoeni uani, wapeni mchi, au kamba na ndoo, waambieni wasikilize kwa mikono yao ni nani amsukumaye nani. Mikono itawafundisha nusu ya somo, nasi tutajitahidi kuimaliza nusu iliyobaki.